Glasi iliyoinuliwa jana usiku isipewe makala leo asubuhi

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye safu ya barua tujibu malalamiko ambayo hayaishi kila inapotajwa kamusi elezo ya Wikipedia. Marafiki wamekaa mezani, mmoja akabuni namna mpya ya kutakiana heri kabla ya kunywa. Wenzake wakaipenda, wakairudia juma lililofuata, na kabla mwezi mwingine haujaandama mmoja wao ameshaifungulia makala. Makala ikafutwa. Sasa anauliza kwa uchungu: mbona desturi za kuinua glasi za watu wengine zina makala zao, hii yetu ina ila gani?

Swali ni la haki. Jibu letu ni kwamba haistahili, walau kwa sasa, na sababu yake si ile inayodhaniwa na wengi. Kubuniwa si dosari. Hakuna desturi isiyokuwa na mtu wake wa kwanza. Kinachotazamwa ni kama watu wasiohusika nayo wameiona, wakaona inafaa kuandikwa, wakaiandika kwa kirefu mahali ambapo yupo mhariri wa kuulizwa pakitokea kosa. Kama bado, kamusi elezo haina la kusema, kwa kuwa kazi yake ni kukusanya yaliyokwisha kuandikwa na wengine. Hapo ndipo gazeti lako linapoingia, Mhariri, na ndiyo sababu tumekuandikia wewe.

Kwanza tuitazame makala yenyewe, maana za aina hii zinafanana mno. Huwa na aya tatu. Ya kwanza inaeleza utaratibu kwa kujiamini: glasi inashikwa kwa mkono wa kushoto, kitako chake kinagongwa mezani mara mbili, neno fulani linatamkwa kwa pamoja, kila mtu anakunywa bila kumtazama mwenzake, na anayechelewa ananunua raundi inayofuata. Aya ya pili inatafuta babu wa kubandika: "inaaminika kuwa desturi hii ilianzishwa na mabaharia wa karne ya 18". Inaaminika na nani, haisemwi. Ya tatu inatangaza kwamba siku hizi desturi imeenea duniani kote. Chini kuna marejeo manne: ukurasa wa kikundi kwenye mtandao wa kijamii, video ya nusu dakika, kamusi ya misimu ambayo yeyote anaweza kuingiza neno, na blogu iliyofunguliwa siku chache kabla ya makala. Ukifungua historia ya ukurasa unakuta akaunti moja imeandika kila kitu, na akaunti hiyo haijawahi kugusa makala nyingine hata moja.

Mhakiki mzoefu haanzi na utaratibu wa glasi. Anaanza na marejeo, kisha aya ya pili. Utaratibu unaweza kuwa wa kweli kabisa. Pengine kuna watu kumi wanaoufanya kila Ijumaa. Aya ya pili ndiyo inayoua makala, kwa kuwa mabaharia wa karne ya 18 wameandikwa sana. Yapo madaftari ya meli, kumbukumbu za mahakama, barua na vitabu vya safari. Desturi yao isingepita miaka 250 bila mtu hata mmoja kuitaja, kisha ionekane kwa mara ya kwanza kwenye blogu ya mwezi uliopita.

Wikipedia ya Kiingereza ina ukurasa mahsusi unaosema kwamba kamusi elezo si mahali pa mambo yaliyobuniwa siku moja, na imewahi kufuta makala nyingi za michezo ya kunywa, maneno mapya na sikukuu za kundi la marafiki kwa msingi huo. Wengi wanausoma wakidhani unasema: usibuni. Haukatazi kubuni. Unasema, buni utakavyo, lakini ukitaka kitu chako kiandikwe huku, acha kwanza dunia ikigundue yenyewe.

Kipimo cha jumla cha kitu kustahili makala kina masharti matatu, na ni lazima yote yatimie kwenye chanzo kilekile. Sharti la kwanza ni kina. Mwandishi wa safu ya starehe akisema baa fulani ina wateja "wenye vituko vyao vya kugonga glasi", hiyo ni sentensi ya kupita. Haitoshi kujenga makala, kwa sababu ukiondoa sentensi hiyo hubaki na kitu cha kueleza. La pili ni kuaminika: chombo kinachohakiki kabla ya kuchapa na kusahihisha kikikosea. Ndiyo maana mitandao ya kijamii, kamusi za misimu na tovuti ambazo kila mtu anaandika atakacho hazihesabiwi, hata zikiwa na wafuasi milioni. La tatu ni kujitegemea, na hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Mahojiano na waliobuni desturi ni maneno yao wenyewe yaliyopita kwenye kinasa sauti cha mwandishi. Taarifa ya kampuni ya bia kwa vyombo vya habari ni tangazo, hata ikichapwa neno kwa neno na magazeti kumi. Kumi hayo yanahesabiwa kuwa chanzo kimoja, tena kisicho huru.

Idadi rasmi ya vyanzo haipo. Wachangiaji wenye uzoefu hushauri: leta vitatu vilivyo bora kuliko vyote ulivyo navyo, usilete thelathini. Anayeleta thelathini mara nyingi anaficha kwamba hana hata kimoja.

Sasa, ili isionekane kwamba tunadharau vitu vya kubuni, chukua Siku ya Arthur. Mwaka 2009 kampuni ya Diageo, inayomiliki bia ya Guinness, iliadhimisha miaka 250 tangu Arthur Guinness atie saini mkataba wa kupanga kiwanda cha St. James's Gate mjini Dublin mwaka 1759. Tarehe 24 Septemba, saa 11:59 jioni, watu waliombwa wainue glasi na kumnywea Arthur kwa kulitaja jina lake. Dakika hiyo haikuchaguliwa ovyo. Kwa saa za mtindo wa 24 huandikwa 17:59. Hii ni desturi iliyobuniwa na watu wa masoko, kwa siku maalumu, kwa lengo la kuuza bia. Kwa kipimo cha hisia isingepewa hata mstari mmoja.

Lakini inastahili makala bila ubishi. Magazeti ya Ireland yaliifuatilia mwaka baada ya mwaka, tena si kwa kuisifu tu. Chuo cha madaktari nchini humo kiliikosoa hadharani kwa kuchochea ulevi. Wanamuziki waligawanyika, wengine wakapanda jukwaani siku hiyo, wengine wakaitungia nyimbo za kuipinga. Ilifanyika kwa mara ya mwisho mwaka 2013, na mwanzoni mwa 2014 kampuni ikatangaza kwamba haitarudi. Kutokana na maandishi hayo mtu anaweza kueleza mwanzo wa desturi, namna ilivyofanyika, ubishi ulioizunguka na mwisho wake, kila sentensi ikiwa na tanbihi isiyotoka kwa muuza bia. Tofauti yake na glasi ya mkono wa kushoto haiko kwenye umri wala uhalisi. Iko kwa watu wa pembeni waliolazimika kuizungumzia.

Mfano mwingine, ingawa hauna glasi, unaonyesha jinsi muda unavyofanya kazi. Mwaka 1995 Wamarekani wawili, John Baur na Mark Summers, walibuni siku ya kuongea kwa lafudhi ya maharamia, wakaipangia tarehe 19 Septemba. Kwa miaka saba ilibaki utani wao na rafiki zao. Mwaka 2002 walimwandikia mwandishi wa vichekesho Dave Barry, naye akaiweka kwenye safu yake iliyokuwa ikichapwa na magazeti mengi. Baada ya hapo ikaanza kushika. Mtu angeiandikia makala mwaka 1999 ingefutwa kwa haki, na aliyeiandika baada ya vyombo vingine kuifuata naye alikuwa na haki. Kitu ni kilekile. Kilichobadilika ni kilichoandikwa juu yake.

Tena mwaka 2010 ulienea Marekani mchezo wa kumtegea mwenzako chupa ya Smirnoff Ice: akiiona, sharti apige goti na kuimaliza palepale, isipokuwa kama naye ana yake ya kujikingia. Upuuzi mtupu, na ulipoa upesi. Ila gazeti la The New York Times liliuandika kama jambo la kijamii na la kibiashara, likawahoji watu wa pande mbalimbali, na vyombo vingine vikafuata. Upuuzi ulioandikwa vizuri unaingia. Hekima isiyoandikwa na mtu haiingii. Tunajua inauma.

Kuna jambo linalowachanganya hata wachangiaji wa siku nyingi: desturi inaweza kustahili makala huku hadithi ya chimbuko lake ikiwa ya mashaka. Wahungaria wana mazoea yanayosimuliwa sana ya kutogonganisha glasi za bia. Inasemekana kwamba baada ya Waaustria kuwanyonga na kuwapiga risasi majenerali 13 mjini Arad tarehe 6 Oktoba 1849, maofisa wao waligonganisha glasi kusherehekea, na Wahungaria wakaapa kutofanya hivyo kwa miaka 150. Mauaji ya Arad ni historia isiyo na shaka. Kiapo na ile sherehe ni masimulizi. Makala nzuri inavitenga viwili hivi: inaeleza mauaji kama tukio, na masimulizi kama masimulizi, ikitaja nani ameyaandika na tangu lini yanaonekana kwenye maandishi. Vivyo hivyo ile hadithi maarufu kwamba watu walianza kugonganisha vikombe ili kinywaji kimwagikie kwa mwenzako, ithibitike kwamba hakuna sumu. Ushahidi wa kihistoria wa jambo hilo haupo, na ukifikiri tu utaona kwamba ili mvinyo uruke kutoka kikombe kimoja hadi kingine ingebidi ujazwe hadi ukingoni na ugongwe kwa nguvu ya kuharibu nguo za mgeni. Bado imani yenyewe inatajwa, kwa kuwa imeenea na imejadiliwa. Kuitaja ni halali. Kuithibitisha ndiko kusiko halali.

Kwa hiyo neno "inasemekana" si baya kila mahali. Ni baya pale linaposimama bila msemaji.

Linganisha na desturi za jeshi la majini la Uingereza, ambako kila siku ya juma ina maneno yake ya kunywea baada ya chakula cha jioni cha maofisa. Mwaka 2013 maneno ya siku mbili yalibadilishwa: yaliyotaja "wanaume wetu" yakawa "mabaharia wetu", na yaliyotaja wake na wapenzi yakawa "familia zetu", kwa kuwa wanawake nao walikuwa wameshaanza kutumikia melini. Mabadiliko yalitolewa kwa amri, na magazeti yakayaandika. Mtu akiongeza siku ya nane ya kubuni kwenye makala hiyo, mhakiki ana pa kwenda kulinganisha. Makala ya glasi ya mkono wa kushoto haina pa kulinganishia, na hilo peke yake ni alama.

Sasa utaratibu wa kufuta, kwa kuwa umezungukwa na uvumi. Kwenye Wikipedia ya Kiingereza kuna njia tatu. Ya haraka hutumika pale inapokuwa dhahiri kwamba kitu kimebuniwa na mwandishi mwenyewe au mtu anayemjua, na makala haina dai lolote la maana la umuhimu. Au pale inapokuwa uzushi wa wazi. Mkabidhi mmoja, yaani mchangiaji aliyepewa mamlaka ya kufuta kurasa, anaweza kuifuta siku hiyohiyo. Angalia tofauti ya ndani hapo: anayekiri kwamba "tulibuni mwaka jana chuoni" anafutiwa makala kwa upole, anayesingizia mabaharia anaingia kwenye fungu la wazushi, na akaunti yake inaweza kufungiwa. Njia ya pili ni pendekezo la kufuta: linabandikwa juu ya ukurasa kwa siku 7, na mtu yeyote, hata mwandishi wa makala, anaweza kuliondoa, likiondolewa haliruhusiwi kurudishwa. Ya tatu ni mjadala wa wazi, nao huchukua siku 7 na unaweza kuongezewa muda kama hoja ni chache.

Mjadala huo si kura. Hili ndilo linaloharibu mambo kuliko yote. Mwandishi akiona makala yake imepelekwa huko, anawaita marafiki. Wanakuja kumi na wawili kwa akaunti zilizofunguliwa asubuhi ile, wote wanaandika "ibaki, mimi naijua desturi hii". Anayefunga mjadala hahesabu vichwa. Anapima hoja, na akaunti za mkupuo hualamishwa pembeni ili kila msomaji azione. Sauti kumi na mbili za "naijua" hushindwa na sauti moja inayosema "nimetafuta kwenye hifadhi za magazeti, vitabu na majarida ya kitaaluma, sikukuta kitu kabla ya tarehe ya makala". Mbaya zaidi, mkupuo huo huwafanya wahakiki washuku hata chanzo kizuri kikija baadaye. Hoja nyingine isiyo na uzito ni "mbona ile nyingine ipo". Huenda ile nyingine nayo inasubiri kufutwa.

Mjadala si lazima uishie kwenye kubaki au kufutwa. Kama kuna chanzo kimoja cha maana, aya mbili zinaweza kuhamishiwa kwenye makala pana ya desturi za kuinua glasi, na jina la zamani likaelekezwa huko. Huu ndio mwisho wa busara kwa desturi nyingi za mahali pamoja, na kwa maoni yetu hautumiki vya kutosha. Aliyefutiwa anaweza pia kuomba maandishi yake yarudishwe kama rasimu; ila rasimu isiyoguswa kwa miezi sita nayo inaweza kufutwa. Rufaa ipo, lakini inasikiliza kama utaratibu ulikiukwa au kama chanzo kipya kimepatikana. Haisikilizi uchungu.

Wengine wanasema: mbona makala ya kipuuzi imekaa miezi bila kuguswa, si ishara kwamba imekubalika? Hapana. Kwenye Wikipedia ya Kiingereza, tangu 2018 akaunti isiyotimiza siku 4 na mabadiliko 10 haiwezi kufungua makala moja kwa moja. Makala mpya hufichwa kwa injini za kutafuta mpaka ihakikiwe au zipite siku 90. Baada ya hizo inaonekana kwa kila mtu, hata kama hakuna aliyeisoma. Kukaa muda mrefu ni dalili ya uchache wa wahakiki tu. Makala ya mungu wa kubuni wa Waaborijini wa Australia aliyeitwa Jar'Edo Wens ilikaa karibu miaka 10, kuanzia 2005 hadi 2015. Vita vya Bicholim, ambavyo havikupiganwa kamwe kati ya Wareno wa Goa na Wamaratha wa India, vilikaa tangu 2007 hadi mwishoni mwa 2012, na kwa sehemu kubwa ya muda huo makala yake ilikuwa imepewa daraja la "makala nzuri". Ilikuwa na tanbihi nyingi. Hakuna aliyekwenda kuangalia kama vitabu vilivyotajwa vipo.

Kwenye lugha zenye wachangiaji wachache, kama yetu, hatari ni kubwa zaidi. Wakabidhi ni wa kuhesabika, na makala iliyofutwa kwenye Kiingereza huweza kutafsiriwa upesi ikaingizwa kwenye lugha kadhaa ndogo. Kisha mwandishi anarudi na hoja mpya: "ipo kwa lugha tano". Wikipedia si chanzo cha Wikipedia, wala ya lugha nyingine. Tafsiri tano za uzushi mmoja ni uzushi mmoja.

Tumefika kwako sasa, Mhariri. Mzunguko wa uongo huhitaji gazeti ili ukamilike. Mwaka 2008 mwanafunzi mmoja wa Marekani aliongeza kwa utani, kwenye makala ya mnyama aitwaye koati, kwamba huitwa pia "muhanga wa Brazili". Hakuna aliyekuwa akimwita hivyo. Waandishi walisoma, wakatumia jina hilo kwenye magazeti na hata vitabuni, na maandishi hayo yakawekwa kuwa tanbihi ya sentensi ileile iliyoyazaa. Jarida la The New Yorker lilieleza mkasa huo mwaka 2014. Mwaka 2009, alipofariki mtunzi wa muziki wa filamu Maurice Jarre, mwanafunzi mwingine alimtungia maneno ya kuagana na dunia na kuyaweka kwenye makala yake. Magazeti kadhaa makubwa yaliyachapa kwenye tanzia. Wahariri wa kujitolea wa Wikipedia walikuwa wameshayaondoa zaidi ya mara moja kwa kukosa chanzo. Magazeti hayakuwa na kizuizi hicho.

Kwa desturi ya glasi, mzunguko huenda hivi. Mtu mjanja hafungui makala mpya, kwa sababu makala mpya hutazamwa. Anachomeka sentensi moja katikati ya makala ndefu iliyopo ya desturi za kunywa, bila tanbihi. Sentensi inakaa. Desemba inafika, mwandishi wa kurasa za burudani anatakiwa kutoa maneno 800 kuhusu namna watu wanavyoukaribisha mwaka mpya, anapita humo, anaichukua. Januari mtu mwingine, kwa nia njema kabisa, anaona sentensi haina chanzo, anatafuta, anakuta gazeti, anaweka tanbihi. Kuanzia siku hiyo kila anayejaribu kuiondoa anaambiwa "ina chanzo". Programu za akili mnemba, zilizofunzwa kwa maandishi ya Wikipedia na ya magazeti pia, zinairudia kwa sauti ya mwalimu mkuu.

Kuugundua mzunguko si kazi ngumu. Kwanza linganisha tarehe. Historia ya ukurasa inaonyesha saa na dakika ya kila badiliko, na kipo kifaa cha kutafuta ni toleo lipi lililoingiza maneno fulani. Kama sentensi iliingia Machi na chanzo chake kilichapwa Desemba ya mwaka huohuo, shuku. Pili tafuta kutajwa kokote kabla ya tarehe hiyo, kwenye magazeti yaliyowekwa mtandaoni na nakala za zamani za tovuti katika hifadhi ya Internet Archive. Tatu, na hiki ndicho kipimo tunachokiamini kuliko vyote, tazama kama chanzo kimeongeza chochote. Mwandishi aliyefika mahali akaona watu wakiinua glasi hurudi na kitu ambacho kamusi elezo haikuwa nacho: jina la mahali, aina ya kinywaji, mtu aliyekataa kushiriki, namna mbili zinazopingana za kufanya jambo moja. Aliyenakili hurudi na mkono wa kushoto, kugonga mara mbili, neno, na raundi inayofuata, kwa mpangilio uleule.

Hatusemi vitabu vya kuchapwa ni malaika. The New Columbia Encyclopedia ya mwaka 1975 ilimweka kwa makusudi mpiga picha asiyekuwepo, Lillian Virginia Mountweazel, aliyedaiwa kufa kwenye mlipuko akifanya kazi ya jarida la vitu vinavyoshika moto. Maelezo yanayosimuliwa ni kwamba ulikuwa mtego: atakayenakili kitabu atanakili na mama huyu.

Lipo pingamizi moja zito, na hatutalipitia juu juu. Desturi nyingi za kweli, zenye umri wa vizazi, hazijaandikwa na mtu. Kanuni ya vyanzo inazifungia nje pamoja na za kubuni, huku utani wa vijana wa nchi tajiri ukiingia kwa kuwa magazeti yao yana kurasa za kujaza. Hii ni dhuluma ya kweli. Mwaka 2011 ulifanyika mradi nchini India na Afrika Kusini, kwa ufadhili wa Wikimedia Foundation, shirika linaloendesha Wikipedia, wa kujaribu kutumia mahojiano yaliyorekodiwa na wenye kujua desturi kama chanzo. Wapinzani waliuliza, na hatuoni jibu jepesi: kama sauti iliyorekodiwa inatosha, ni nini kitakachowazuia wale marafiki wa mkono wa kushoto kujirekodi wenyewe?

Kwetu njia inayoshika ni kurekodi kwanza nje ya kamusi elezo, kwa mkono wa mtu asiye na hisa. Mtafiti wa chuo, mkusanyaji wa mila, au mwandishi wa habari. Chanzo si lazima kiwe cha Kiingereza. Gazeti la Kiswahili linakubalika kwenye Wikipedia ya lugha yoyote mradi liwe na uhariri. Habari moja ya maneno 900 iliyofanywa vizuri inaweza kuwa mlango wa desturi ya miaka mia kuingia kwenye maandishi, na habari moja ya maneno 300 iliyonakiliwa inaweza kuwa mlango wa uongo.

Kwa hiyo tunaomba haya kwa chumba chako cha habari. Mwandishi akileta habari ya desturi ya kunywa, au desturi yoyote, iandikwe aliiona wapi na mwezi gani, au nani alimsimulia na msimulizi ana uhusiano gani na waliobuni. Awahoji watu wasiopungua wawili wasiofahamiana, kila mmoja peke yake, aandike na pale wanapopishana. Kupishana ni dalili nzuri. Kama habari imetokana na taarifa ya kampuni, isemwe hivyo kwenye aya ya kwanza. Kama mwandishi alianzia kwenye kamusi elezo, ataje siku aliyoisoma, kwa sababu ukurasa wa leo si wa kesho. Na mkigundua kwamba mlichochapa kilikuwa uzushi, tafadhali msiifute habari kimyakimya kwenye tovuti. Iacheni kwenye anwani ileile na masahihisho yawekwe juu yake, yasomeke kabla ya kichwa cha habari. Tanbihi zilizokwisha kuinukuu zitaendelea kuelekeza hapo, na mhakiki atakayebofya atakuta kile alichokuwa akikitafuta.

Wasomaji wako,
Wachangiaji wa kujitolea wa kamusi elezo mtandaoni